Ukungu Mweupe na Maziwa ya Jumamosi

Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mume wangu Manassé anasoma Kinyamulenge tu. Binti yetu Kanyana, aliyehamia Columbus, anasoma Kiingereza tu. Kwa hiyo nikiandika Kiswahili hakuna wa kunichungulia. Nilikifundisha miaka sita katika shule ya msingi kule Minembwe, milimani kwetu Kongo, na ingawa hapa Buffalo nimekuwa mkata majani, sijasahau kuandika sentensi iliyonyooka. Nitaandika msimu huu wote wa mavuno mpaka theluji itufukuze shambani. Nina mengi ya kusema, na kazini hakuna anayestahili kuyasikia.

Kazi yenyewe ni bangi. Kanisani nimesema nakata maua, na si uongo, maana kinachouzwa ni maua yake. Jimbo limeruhusu, leseni imebandikwa ukutani, na mkaguzi huja na kalamu yake. Mwanasheria alituonya kwamba asiye raia asiiguse kazi hii, kwa hiyo shambani tuko tuliokwisha kuapa uraia tu. Mchungaji huilaani bangi kila mwezi, na nikigeuza shingo kwenye benchi naona watu wanne wa zamu yangu wakisema amina.

Gari la kazi hutuchukua saa kumi na mbili asubuhi, kona ya Niagara na Virginia. Leo Sandrine amekalia kiti changu cha dirishani.

Jumanne, 20 Agosti

Amekikalia tena.

Alhamisi, 22 Agosti

Nieleze habari za huyu Sandrine, maana nitamtaja sana. Ana miaka thelathini na mmoja, anatoka Uvira, kule chini ziwani. Alikuwa mtu wa maabara katika hospitali moja ya huko, na haachi kutukumbusha. Akigusa simu, anabadilisha glavu. Akimaliza mti mmoja, anapangusa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mwingine. Jana alimwambia mama mtu mzima kwamba asikohoe juu ya meza. Anaongea Kiingereza na Nowak, mwenye shamba, wanacheka wao wawili, na sisi wengine tunatazama midomo.

Mimi na watu wa bondeni tuna yetu. Ng'ombe wa baba yangu, themanini na wawili, waliswagwa kwa njia ya Uvira mwaka ule wa vita, na nyama yao ikauzwa sokoni mchana. Najua Sandrine alikuwa mtoto. Najua pia kwamba watoto hula nyama.

Jumatano, 28 Agosti

Nowak ametukusanya kwenye mabanda ya nailoni kutufundisha udongo, kana kwamba tulizaliwa kwenye saruji. Babu yake alilima kabichi hapa hapa. Yeye amechimbua udongo kwa mkono, akatunusisha. Anasema ndani yake kuna vijidudu visivyohesabika, kuvu na bakteria, vinavyoishi kwenye mizizi na kuulisha mmea, na kwamba harufu na nguvu ya ua hutoka kwao. Ndiyo maana hatumii dawa za dukani. Ana pipa lake la mboji na molasi ambalo analipulizia hewa kwa pampu mchana kutwa, na analitazama kwa mapenzi.

Kisha akatuonyesha picha za kuvu wengine, wale wanaoota juu ya ua lenyewe. Hao ni maadui. Wateja wake wengi ni wagonjwa, wengine wa saratani, na mtu mwenye mapafu dhaifu akivuta ua lenye ukungu, ukungu unaota kifuani mwake. Kwa hiyo kila fungu la mavuno hupelekwa maabara kabla ya kuuzwa. Likifaulu, tunaishi. Likianguka, linasagwa na kutupwa.

Ezéchias alitafsiri nusu. Yeye ni mdogo wake Manassé, na ndiye kapita wetu, msimamizi wa zamu. Nusu nyingine Sandrine aliimalizia bila kuombwa.

Jumanne, 3 Septemba

Mvua siku ya tatu. Upepo wa ziwa unaingia mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 5 Septemba

Ukungu mweupe umeingia. Uko kwenye majani ya mabanda yote manne, kama mtu aliyepita akinyunyiza unga wa muhogo. Nowak alishika kichwa. Halafu akasema babu yake aliutibu kwenye maboga kwa maziwa: sehemu moja ya maziwa, sehemu tisa za maji, kwenye majani tu, kila Jumatatu hadi wiki ya kuvuna.

Ezéchias akanipa mimi kazi hiyo, na hapo alipatia. Akanipa na kadi ya duka nikanunue maziwa. Nilicheka mpaka akaona haya. Yale ya dukani yamechemshwa kiwandani, yamenyang'anywa siagi, na yanakaa kwenye friji wiki tatu bila kubadilika. Sijui ni kitu gani, lakini maziwa si hayo.

Sisi tuna maziwa ya Jumamosi. Ruhimbika, mzee wa kanisa letu, huendesha gari mpaka kwa Waamishi, wafugaji wa huko kusini wasiotaka mashine, na kurudi na madebe kwa ajili ya watu wetu wote. Yanakuja mabichi, na mabichi tunayanywa. Kwetu maziwa hayachemshwi. Bibi yangu alisema ukiyachemsha, ng'ombe aliyeyatoa anakauka chuchu, na nyumba yetu haikuwahi kujaribu. Nitachukua madebe mawili, niyaache siku mbili karibu na hita yagande kidogo. Yaliyoganda yana nguvu zaidi.

Kadi nitairudisha kama nilivyopewa. Ezéchias hataniuliza, na anajua kwa nini hataniuliza, kwa sababu naye yuko kwenye orodha ya Ruhimbika.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepuliza maziwa. Bomba la mgongoni ni zito, lakini mikono yangu inajua maziwa. Yametosha banda la kwanza, la pili na la tatu. La nne hayakufika. Nimemwambia Ezéchias nimemaliza.

Alhamisi, 12 Septemba

Sandrine amejipa kazi ya banda la nne. Anachuma majani yenye ukungu kwa mkono, moja moja, anayatia kwenye mfuko, anaufunga. Mimea mia mbili. Nowak alipita akamsifu. Nina hakika alisubiri Nowak apite ndipo ainame.

Jumatatu, 16 Septemba

Maziwa. Mvua. La nne halikufikiwa.

Jumatano, 18 Septemba

Manassé anaharisha siku ya tano. Nimemwambia aache maharage ya kantini ya kiwanda chao cha maboksi.

Alhamisi, 19 Septemba

Ukungu unarudi nyuma. Kwenye mabanda yangu matatu majani yamekuwa kijani, na Nowak amenipa mkono mbele ya watu. Kwa miaka minane ya kuishi nchi hii sikumbuki mtu kunishukuru kwa kitu ninachokijua. Nilitaka Manassé aone.

Furaha hiyo haikufika saa sita. Sandrine alinifuata kwenye bomba la maji akaniuliza kama maziwa ni ya dukani, maana anasikia harufu ya kuchacha. Nikamwambia ni ya dukani. Akasema tena kwamba napuliza mpaka juu ya maua, na Nowak alisema majani tu. Nikamwambia siku atakapofuga hata mbuzi mmoja aje tuzungumze. Akavuta glavu zake akaenda. Yeye hatukani, na hilo linaniudhi kuliko kama angetukana.

Jumatatu, 23 Septemba

Maziwa, mara ya mwisho. La nne halikufikiwa.

Jumatatu, 30 Septemba

Tumeanza kuvuna banda la kwanza.

Ijumaa, 4 Oktoba

Vidole vinanata utomvu mpaka haviachani. Manassé anasema nanuka. Nimemwambia ananuka yeye, maboksi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kwenye gari leo Sandrine aliongea na simu njia nzima, nasi tukalazimika kujua maisha yake. Mama yake, Teopista, yuko Nakivale, Uganda, kambini, miaka kumi na miwili sasa. Ana sukari na mguu mmoja umeanza kuoza. Sandrine aliapa uraia mwaka jana na mara moja akaanza kumwombea mama ruhusa ya kuja. Zimebaki karatasi za mwisho. Mwanasheria anataka barua ya mwajiri inayosema kwamba ana kazi na bado yuko kazini, kabla ya tarehe kumi na tano Novemba. Nowak amemwahidi barua hiyo mavuno yakiisha.

Mama mmoja nyuma alianza kumwombea kwa sauti. Mimi nilitazama nje. Kwetu pia kuna waliobaki.

Alhamisi, 17 Oktoba

Majibu ya banda la kwanza yametoka, na ni mabaya.

Ezéchias alipoanza kutafsiri, alisema ukungu uko chini ya kipimo, nami nikaanza kutabasamu. Halafu akafika chini ya karatasi. Kwenye maua wamekuta bakteria wa tumboni, wale wa kumharisha mtu damu. Banda la kwanza lote, wiki za mikono yetu, litasagwa na kutupwa mkaguzi akiangalia.

Nowak hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasema bakteria hao hutoka chooni, kwa hiyo kati yetu kuna mtu asiyenawa mikono. Akatutazama mmoja mmoja, watu kumi na mmoja. Umri wangu ni miaka hamsini na nne, nimezaa watoto watano, na nilisimama pale nikikaguliwa mikono kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimchukia. Niliwachukia wote.

Ndipo Sandrine akaongea naye kwa Kiingereza, maneno mengi. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote, kwa Kiswahili chao cha bondeni kilichochanganyika Kifaransa:

“Mama Kanyana, ile maziwa mulichemsha? Juu hii microbe, bon, mara mingi inatokaka kwa ng'ombe, haitokake kwa mutu.”

Mimi, binti wa mtu wa ng'ombe themanini na wawili, niulizwe habari za maziwa na mtu wa Uvira. Nilimjibu kwamba maziwa ni ya dukani, yamechemshwa na mashine, na kwamba yeye ng'ombe anamjua akiwa kwenye sufuria tu. Watu walicheka. Ezéchias alitazama viatu vyake. Anajua madebe ya Ruhimbika vizuri kama ninavyoyajua mimi.

Maziwa hayo tumeyanywa nyumba kumi na mbili msimu mzima. Yangekuwa na sumu tungekuwa tumezikana. Ninaandika hivi ili niwe na amani, na amani sijaipata, kwa sababu sura yake wakati anauliza haikuwa ya kejeli. Aliuliza kama daktari anavyouliza umekula nini jana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemwambia Ezéchias kwamba wiki ya mavuno nilimwona Sandrine akitoka chooni akaenda moja kwa moja mezani.

Kutoka chooni nilimwona, hilo ni kweli. Kama alinawa sikuweza kuona, kwa sababu sinki iko upande wa nyuma. Habari ya sinki sikumwambia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sandrine amefukuzwa. Nowak alimwita mlangoni mwa chumba cha kukaushia asubuhi, akamweleza kwa sauti ya chini. Nilitazamia atalia au atapiga kelele. Alivua glavu, akazitia kwenye pipa, akaenda kwenye sinki akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, polepole, sabuni mara mbili, sote tukiangalia. Kisha akatoka nje. Gari haliondoki kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo alikaa kwenye ngazi kwa muda wa saa nane katika upepo ule. Hakuna aliyekwenda kukaa naye.

Jioni alipanda akakaa nyuma kabisa, na kiti cha dirishani kilikuwa wazi. Nimekikalia.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumeanza kukata maua ya banda la pili. Kazi inakwenda vizuri bila kelele za spiriti.

Jumapili, 27 Oktoba

Mahubiri leo yalikuwa juu ya ushahidi wa uongo. Mchungaji hajui lolote, anafuata tu orodha ya amri kumi, na wiki hii ilifika zamu yake. Nilikasirika hata hivyo. Ezéchias aliimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimemkuta Sandrine mahali pa kufulia, Niagara Street. Anakunja nguo za watu wengine. Amepata kazi hapo ya saa chache, ya kulipwa mkononi, bila karatasi. Aliniona. Hakunisalimu wala hakugeuza uso, aliendelea kukunja shuka kona kwa kona.

Mama mmoja wa Bukavu pale alinisimulia, bila kujua anamsimulia nani, kwamba mwanasheria ameikataa kazi hiyo kwa sababu haina karatasi, na Nowak hajibu simu, na Teopista amepelekwa hospitali ya kambi. Nilitoa nguo zangu zikiwa bado na unyevu, nikaondoka.

Jumatano, 6 Novemba

Nitaandika yote, kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto kuandika hesabu, ili nione kama kuna mahali nilipokosea.

Leo saa sita tulikuwa tunakula. Nowak aliingia na karatasi tatu. Banda la pili limeanguka, bakteria wale wale. La tatu limeanguka. La nne limefaulu, tena safi kuliko fungu lolote alilowahi kupeleka. Aliziweka karatasi mezani, akakuna kichwa, akasema, Ezéchias akitafsiri, kwamba haelewi. Udongo ni ule ule, mbegu zile zile, maji yale yale, na mtu mchafu ameshaondoka.

Mkate ulikuwa mdomoni mwangu. Nikahesabu. Maua ya banda la pili na la tatu yalikatwa Sandrine akiwa ameshafukuzwa. Hata jani moja la huko mezani hakuligusa. Banda la nne aliligusa lote, jani kwa jani, wiki mbili, kwa mikono ile niliyosema hakuinawa. Na banda la nne ndilo maziwa yangu hayakulifikia hata Jumatatu moja. Hilo shambani kote nalijua mimi peke yangu.

Nilirudia hesabu mara tatu. Nikatafuta mlango wa kutokea. Nikasema labda ni bomba, labda ni ndoo, labda panya. Halafu nikamkumbuka Manassé mwezi wa tisa na kuhara kwake kwa siku tano, na mke wa Ruhimbika aliyekosa ibada mara mbili kwa tumbo, na mzee mmoja wa ghorofa ya chini, naye wa orodha ya Ruhimbika, aliyewekewa maji hospitali, na jinsi sote tulivyosema ni maharage, ni baridi, ni uzee. Sisi hatukuwahi kusema ni maziwa. Afadhali tungesema ni Mungu.

Mkate niliutema kwenye karatasi niliyoufungia. Nowak aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia “okay”, maana ndilo neno la kwanza la Kiingereza nililolipata.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimechemsha maziwa. Ni mara ya kwanza maishani mwangu. Nilisimama kando ya sufuria mpaka yakafura. Manassé alirudi kazini akanikuta. Alitazama sufuria, akanitazama mimi, akavaa tena koti lake akatoka nje.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemweleza Ezéchias yote, na sinki pia. Nimemwomba anitafsirie kwa Nowak, kwa sababu Kiingereza changu kinatosha kununua vitunguu. Alifunga mlango wa gari lake kwanza. Akasema nikifungua mdomo tutaondoka wote wawili, mimi kwa maziwa na yeye kwa kadi aliyorudishiwa bila kuuliza. Akasema shamba limekwisha kupata hasara, na hasara hairudi kwa maneno. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka nyumbani:

“Shemeji, umemwumiza mtu wa Uvira. Wao wametuumiza wangapi?”

Wiki tatu zilizopita ningemwitikia. Maneno hayo ni yangu, niliyasema mimi kichwani siku nilipokwenda kwake na habari ya choo. Nilipoyasikia kwa mdomo wa mtu mwingine, ndani ya gari lenye harufu ya chipsi, nilifungua mlango nikashuka.

Kanyana angeweza kutafsiri kwa simu kutoka Columbus. Sitaki ajue mama yake ni mtu wa namna gani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda kwa Sandrine. Anakaa mtaa wa Prospect, ghorofa ya tatu. Alifungua mlango bila kutoa mnyororo, nami nikasema yote kupitia ule mwanya: Ruhimbika, madebe, hita, maua, sinki. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika, na sikuomba kuingia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama maziwa yalikaa siku ngapi nje ya friji. Nikamwambia mbili. Akafumba macho kidogo. Ndipo akasema:

“Donc munataka miye niende kuwatafsiria, juu Nowak aamini kama miye siko muchafu.”

Nikamwambia ndiyo. Akauliza kwa nini si Ezéchias, nikamweleza. Akauliza kwa nini nilimsingizia yeye, kati ya watu kumi. Nikamweleza habari za ng'ombe themanini na wawili, njia ya Uvira, na nyama sokoni. Sijawahi kumwambia mtu yeyote wa bondeni jambo hilo usoni. Nilijiona nimesimama kwenye ngazi za watu nikidai ng'ombe waliokufa kabla huyu binti hajajua kusoma.

“Mama, nilikuwa na miaka tano,” akasema. “Na nyama, kwetu tulikuwa tunaionaka kwa wengine. Siye tulikuwa tunakulaka sombe.”

Sombe, majani ya muhogo. Akafunga mlango. Nilishuka ngazi nikiwa na hasira bado, ila sikujua tena niipeleke wapi.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Saa nane mchana Sandrine ametuma ujumbe mfupi: Jumanne, saa kumi na mbili, kona. Mwisho wake ameandika nisichelewe.

Jumatatu, 11 Novemba

Theluji ya kwanza, nyembamba, haikukaa.

Jumanne, 12 Novemba

Sandrine alipanda gari la kazi kana kwamba hajakosa hata siku moja. Dereva hakuuliza. Ezéchias aligeuka mara moja kutoka kiti cha mbele, akaniona nimeketi karibu na Sandrine, akaelewa, akageuka tena mbele na hakutazama nyuma mpaka tulipofika.

Nowak alitupokea ofisini, kichumba chenye ndoo na karatasi. Hakutukaribisha kukaa. Nilisimama nikaongea Kiswahili kipande kwa kipande, na Sandrine, amesimama bega kwa bega nami, akakigeuza Kiingereza. Nilitegemea angenilainishia kidogo, kama tunavyofanyiana kwa madaktari na kwa watu wa shule. Hakulainisha. Niliposema sikununua maziwa dukani, alisema hivyo. Niliposema nilimdanganya aliponiuliza, alisema hivyo. Niliposema huyu binti nilimsingizia, na nikijua sinki siioni, sauti yake haikupanda wala kushuka. Alijitaja kama anamtaja mtu wa tatu.

Nowak aliuliza maswali mengi, mengine kwa hasira. Kama yalikuwa mabichi kabisa. Kama nilipuliza juu ya maua. Kama nilijua kwamba watu wagonjwa wangevuta. Nikasema nilijua, alitufundisha mwenyewe mwezi wa nane, ila sikudhani maziwa yanaweza kumdhuru mtu. Nikasema bado nasikia uchungu kulisema. Sandrine alitafsiri hata huo uchungu.

Nowak akaniambia nivue kitambulisho cha kazi nikiache mezani, na nisirudi. Nilitegemea hilo. Ezéchias sikumtaja. Kama hilo ni wema au ni woga wa nyumbani sijui, na Sandrine, aliyekuwa anajua kila kitu, naye hakumtaja.

Kisha Nowak akamgeukia Sandrine, na sauti yake ikawa nyingine. Alisema sana. Sandrine alimkatiza akasema neno moja tu, barua. Akaiandika pale pale, mashine ikaitoa, akaisaini. Sandrine aliisoma mara mbili akiwa wima. Akamrudishia, akamwonyesha kwa kidole: alitaka iandikwe kwamba yuko kazini tangu Aprili, bila kukatika. Nowak aliandika upya akasaini tena. Zimebaki siku tatu kufika tarehe ya mwanasheria.

Nilipaswa kuondoka hapo. Nilikuwa nimemaliza nililokuja kulisema, na kila nililosema lilikuwa kwa Nowak. Nikabaki. Nikasema nisamehe.

Sandrine alikuwa ameshamgeukia Nowak na kufungua mdomo, mazoea ya asubuhi nzima. Akasita. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

“Hiyo nayo nimutafsirie, ao ni yangu?”

Nikamwambia ni yake.

Alikunja barua mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akavuta zipu. Nowak alitutazama sisi wawili, akamwuliza nimesema nini.

Akamjibu kwamba sikusema kitu. Kiingereza cha hivyo nakielewa.